Nani alishinda Florida?

Kwenye kumbukumbu za serikali jibu lipo, na halina mjadala: George W. Bush wa Republican kura 2,912,790, Al Gore wa Democrat kura 2,912,253. Tofauti ni kura 537, katika jimbo ambalo watu karibu milioni 6 walipiga kura tarehe 7 Novemba 2000. Marekani rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na kura hizo 537 zilimpa Bush wajumbe wote 25 wa Florida, akafikisha 271 pale palipohitajika 270, akawa rais wa Marekani ingawa kwa nchi nzima Gore alimzidi kwa kura zaidi ya 540,000.

Muulize Mmarekani mwenye umri wa kukumbuka, atakupa jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia Bush alihesabiwa akawa mbele, akahesabiwa tena akawa mbele, na katika siku zote 36 za mvutano hakuna hesabu rasmi hata moja iliyomweka Gore juu. Wa pili atakwambia uchaguzi uliibwa mchana kweupe, na mahakama ikagonga mhuri. Kila mmoja ana ukweli wake wa kushika. Ila mimi naona wote wawili wamekwama kwenye zile wiki tano za kuhesabu upya, wakati yaliyoamua Florida yalikuwa yameshatokea kabla kituo cha mwisho hakijafungwa.

Usiku wenyewe ulikuwa wa vituko. Televisheni zilimpa Gore ushindi wa Florida kabla ya saa mbili usiku kwa saa za mashariki, ilhali ncha ya magharibi ya jimbo, ambayo iko nyuma kwa saa moja na ni ngome ya Republican, vituo vilikuwa bado wazi. Republican wana haki ya kulalamikia hilo hadi leo. Baadaye zikamnyang'anya. Huko kaunti ya Volusia, kwa hitilafu ya kadi ya kumbukumbu ya mashine, kituo kimoja kilimkata Gore kura 16,022, yaani mgombea akawa na kura hasi. Saa nane na dakika kumi na kitu usiku, Fox ikamtangaza Bush na wenzao wakafuata mkumbo. Gore akampigia Bush kumpongeza, akawa njiani kwenda kuwahutubia wafuasi wake Nashville, wasaidizi wakamwambia pengo linayeyuka. Akapiga simu ya pili kufuta ya kwanza. Asubuhi pengo lilikuwa kura 1,784, na sheria ya Florida inasema likiwa chini ya nusu ya asilimia moja mashine zirudie zenyewe. Ziliporudia, likabaki kama kura 300.

Sasa tuitazame karatasi, maana watu huzungumzia Florida bila kuiona.

Palm Beach ni kaunti iliyojaa wazee wastaafu. Msimamizi wake wa uchaguzi, Theresa LePore, aliyekuwa amejiandikisha Democrat, alikuwa na wagombea 10 wa urais wa kuwapanga na wapiga kura wengi wenye macho dhaifu. Akataka herufi kubwa. Ili majina yaenee, akayagawa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati kwa mstari mmoja kwenda chini. Upande wa kushoto wa kwanza alikuwa Bush, wa pili Gore. Upande wa kulia wa kwanza alikuwa Pat Buchanan wa chama cha Reform. Matundu yalikuwa yanapokezana, kushoto kisha kulia: la kwanza la Bush, la pili la Buchanan, la tatu ndilo la Gore. Mzee aliyeona Gore ni jina la pili upande wake akatoboa tundu la pili, na hapo amempa Buchanan. Aliyeshtuka akatoboa na la tatu ili kusahihisha, kura yake imeharibika.

Buchanan alipata kura 3,407 Palm Beach, karibu moja ya tano ya kura zake zote za jimbo, kwenye kaunti yenye wastaafu wengi wa Kiyahudi waliokuwa wakimshangilia Joe Lieberman, mgombea mwenza wa Gore na Myahudi wa kwanza kugombea nafasi hiyo kwa tiketi ya chama kikubwa. Buchanan mwenyewe alikiri kwenye televisheni kwamba nyingi ya kura hizo huenda hazikuwa zake. Wanazuoni wa siasa walikuja kulinganisha na kura zilizopigwa kwa posta kaunti hiyo hiyo, ambazo karatasi yake haikupangwa hivyo, wakakuta huko sehemu ya Buchanan ni ndogo mno. Hesabu yao ilikuwa kwamba zaidi ya watu 2,000 waliomtaka Gore walimpa Buchanan. Hiyo pekee ni kama mara nne ya pengo lote. Na hatujagusa karatasi 19,000 na ushee za kaunti hiyo zilizotobolewa mara mbili na kutupwa.

Kwa hiyo kama swali ni "watu wa Florida waliokwenda kituoni siku ile walikuwa wengi kwa nani?", sioni namna ya kukwepa jibu: kwa Gore. Lakini hapo hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoanza. Kura iliyotobolewa kwa Buchanan ni kura halali ya Buchanan hata kama aliyeipiga alitoka nje analia. Hakuna mhesabuji duniani anayeruhusiwa kuichukua karatasi safi na kusema, huyu mama hakuwa na maana hii. Na karatasi yenyewe ilichapishwa mapema, vyama vyote viwili vikaiona, hakuna aliyeweka pingamizi.

Baadhi ya wapiga kura wa Palm Beach walikwenda mahakamani kuomba kaunti irudie kura. Kwa msomaji wa kwetu ombi hilo si la ajabu hata kidogo. Siku mbili tu kabla ya Florida, tarehe 5 Novemba 2000, Zanzibar ilikuwa imerudia uchaguzi kwenye majimbo 16 baada ya vurugu za tarehe 29 Oktoba, na CUF ikasusa. Kenya nayo, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, iliagiza taifa zima lirudi vituoni ndani ya siku 60. Jaji Jorge Labarga wa Palm Beach aliwajibu waombaji kwamba hana mamlaka hayo: siku ya kuchagua wajumbe wa rais ni moja kwa nchi nzima. Naona alikuwa sahihi kisheria, na pia kiakili, kwa sababu marudio ya kaunti moja, huku kila mtu akijua pengo ni mia tatu na kura yake ndiyo inayotafutwa, yangekuwa uchaguzi mwingine kabisa. Wafuasi wa Palm Beach wa Ralph Nader, mgombea wa chama cha Green, wangempigia nani mara ya pili?

Palm Beach ilipata umaarufu wote, lakini kuna kaunti mbili ambazo mimi naziona nzito zaidi. Ya kwanza ni Duval, yenye jiji la Jacksonville. Huko wagombea wa urais walipangwa kwenye kurasa mbili zinazofuatana, na karatasi ya mfano iliyosambazwa kabla ya uchaguzi iliwaelekeza watu wapige kura kwenye kila ukurasa. Waliotii wakampigia Gore au Bush ukurasa wa kwanza, wakafunua, wakampigia mwingine ukurasa wa pili. Kura kama 22,000 ziliharibika kwa kuwa na alama zaidi ya moja, na nyingi zilitoka mitaa ya watu weusi, ambako chama cha Democrat kilikuwa kimehamasisha watu wengi wasiowahi kupiga kura.

Ya pili ni Gadsden, kaunti ndogo ya kaskazini, pekee jimboni ambako watu weusi ni wengi kuliko wengine. Kura moja kati ya kila nane ilitupwa. Jirani yake kabisa ni Leon, yaliko makao makuu ya jimbo, Tallahassee. Kaunti zote mbili zilitumia karatasi za kujaza kwa kalamu zinazosomwa na mashine. Tofauti ni mahali mashine ilipokaa. Leon iliwekwa kituoni: ukikosea, mashine inakutemea karatasi yako, unapewa nyingine, unarekebisha kabla hujaondoka. Gadsden karatasi zilikusanywa zikapelekwa kusomwa ofisi kuu, na mpiga kura alikuwa ameshafika nyumbani. Leon ilipoteza chini ya kura moja kwa kila mia. Ni barabara ya mwendo wa chini ya saa moja kati ya kaunti hizo.

Kwa jimbo zima, karatasi zilizokosa kuhesabiwa kwa urais zilikuwa zaidi ya 175,000. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani iliripoti mwaka 2001 kwamba kura ya mtu mweusi Florida ilikuwa na uwezekano wa kutupwa karibu mara kumi kuliko ya asiye mweusi. Makamishna wawili wa tume hiyo, Abigail Thernstrom na Russell Redenbaugh, walipinga hesabu hiyo, wakisema huwezi kuchukua takwimu za kaunti au kituo na kudai unajua mpiga kura mmoja mmoja alifanya nini, na kwamba karatasi ikiharibika, kukosa uzoefu na uwezo wa kusoma vinaweza kueleza zaidi kuliko rangi. Pingamizi lao lina uzito kwenye takwimu. Mara kumi huenda ni nyingi mno. Lakini uzoefu haubadiliki mtu akivuka mpaka wa Gadsden na Leon kwa kiasi cha kutosha kueleza pengo kama lile. Mashine inayokurudishia karatasi inamhudumia hata asiyejua kusoma.

Tuje sasa kwenye hoja ya Bush, maana mara nyingi inasimuliwa kwa dharau na haistahili dharau.

Kwanza, kanuni ziliwekwa kabla. Sheria ilizipa kaunti siku saba kupeleka matokeo. Gore aliomba hesabu ya mkono kwenye kaunti nne tu, Volusia, Palm Beach, Broward na Miami-Dade, zote alizoshinda. Kama kweli mashine zilikosea, zilikosea kila mahali, zikiwemo kaunti 60 na zaidi alizoziruka. Pili, kuhesabu kwa mkono kulitegemea macho ya mtu. Kadi za kutoboa huacha kipande kidogo cha mraba. Wakati mwingine kinaning'inia kwa kona moja, wakati mwingine kimebonyea tu bila kutoboka. Je, mbonyeo ni kura? Sheria ilisema kura isitupwe kama nia ya mpiga kura iko bayana, lakini haikusema bayana ndiyo nini. Palm Beach ilibadili kipimo chake ikiwa katikati ya kazi. Broward ilikuwa laini zaidi, ikapata kura mpya karibu mara tatu ya ilizopata Palm Beach. Picha iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu ni ya Jaji Robert Rosenberg wa Broward, jicho limemtoka, kadi ameinyanyua kwenye mwanga anaikagua. Wafuasi wa Gore waliona mtu anayetafuta haki ya mpiga kura. Wafuasi wa Bush waliona mtu anayetafuta kura.

Tatu, na hii ndiyo inayowauma Democrat: muungano wa vyombo vikubwa vya habari uliajiri kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Chicago, wakazipitia karatasi 175,010 moja moja, na majibu yakatoka Novemba 2001. Kama kaunti nne za Gore zingemaliza kazi alivyoomba, Bush angeshinda kwa kura 225. Kama hesabu iliyoamriwa na Mahakama ya Juu ya Florida ya karatasi zisizo na alama iliyosomeka ingeendelea, Bush angeshinda kwa 493. Gore alipigana wiki tano akidai kitu ambacho kisingemsaidia.

Matokeo hayo hayo yana upande wa pili. Kama karatasi zote zilizokataliwa zingehesabiwa jimbo zima, zikiwemo zenye alama mbili, Gore angeshinda kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo. Ushindi wake ulikuwa umejificha kwenye rundo ambalo mawakili wake hawakulidai. Kwenye kaunti za kalamu, kwa mfano Lake, ambayo ni ya Republican, kulikuwa na watu waliojaza duara la mgombea wao halafu, palipoandikwa nafasi ya kuandika jina, wakaliandika jina lile lile. Mashine iliona alama mbili ikatupa. Binadamu akiitazama karatasi hiyo hana haja ya kioo cha kukuzia: amejaza Gore, ameandika Gore. Nia ikiwa bayana kuliko hapo itakuwa ipi? Hizo zilikuwa kura halali kwa sheria ya Florida kama ilivyosomeka, bila kubadili kanuni yoyote, na hazikuhesabiwa. Jaji Terry Lewis, aliyekuwa akisimamia zoezi la Desemba la kuhesabu upya, alisema baadaye kwamba huenda angeziruhusu. Hatukufika huko.

Ndiyo maana nasema kambi zote mbili zinabeba ushahidi nusu. Anayesema "hata wangehesabu, Bush angeshinda" anataja hesabu aliyoiomba Gore. Anayesema "Gore alishinda" anataja hesabu ambayo hakuna mtu aliyeiomba mahakamani kwa wakati. Siku chache baada ya uchaguzi Gore alimtangazia Bush kwamba yuko tayari jimbo zima lihesabiwe kwa mkono, Bush akakataa. Lakini maneno ya kwenye televisheni si ombi la kisheria, na mawakili wa Gore walikuwa wamechagua kaunti nne zenye mavuno. Ujanja uliwaponza.

Kuhusu misimamo, hapa ni mkuki kwa nguruwe. Kambi ya Bush iliyokuwa ikisema tarehe ya mwisho ni tarehe ya mwisho ndiyo iliyozitetea kura za ng'ambo, nyingi za wanajeshi, zilizofika bila mhuri wa posta, au bila sahihi ya shahidi, au zimechelewa. Gazeti la New York Times lilikuja kukuta 680 zenye kasoro kati ya 2,490 zilizohesabiwa kuwa halali baada ya siku ya uchaguzi. Kambi ya Gore iliyoimba kila kura ihesabiwe ndiyo iliyopeleka mawakili kuzipinga kura hizo za askari, mpaka Lieberman alipokwenda kwenye televisheni akalegeza. Bush mwenyewe, akiwa gavana wa Texas, alitia sahihi mwaka 1997 sheria inayoruhusu kadi iliyobonyea ihesabiwe kwa mkono. Na wahafidhina walioapa maisha yao yote kwamba mambo ya majimbo yaachwe kwa majimbo walikimbilia mahakama ya shirikisho.

Katibu wa jimbo aliyetangaza matokeo, Katherine Harris, alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush Florida. Gavana, Jeb Bush, ni ndugu wa mgombea, ingawa alijiondoa kwenye jopo la kuidhinisha. Palm Beach iliomba saa chache za nyongeza tarehe 26 Novemba, siku ya mwisho baada ya Mahakama ya Juu ya Florida kusogeza tarehe, Harris akakataa, hesabu kamili ikafika kama saa mbili baada ya muda, ikaachwa nje. Miami-Dade ilikuwa imesitisha kazi tarehe 22, siku ambayo kundi la wafuasi wa Republican waliovaa kitanashati, baadhi yao watumishi wa Bunge la Marekani, walipiga kelele milangoni. Bodi ikasema muda hautoshi. Huhitaji kula njama palipo na watu wanaojua wanachotaka na wenye mamlaka ya kusema hapana. Lakini upande wa pili ukumbukwe: majaji wa Mahakama ya Juu ya Florida waliosogeza tarehe karibu wote waliteuliwa na magavana wa Democrat.

Mahakama hiyo, tarehe 8 Desemba, iliamuru kwa majaji 4 dhidi ya 3 kwamba karatasi zisizosomeka zihesabiwe jimbo zima, na kura za Palm Beach na Miami-Dade zilizoachwa zirudishwe. Pengo likawa chini ya 200. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha kazi, 5 kwa 4. Tarehe 12 Desemba usiku ikatoa hukumu. Majaji 7 kati ya 9 waliona tatizo: haiwezekani mbonyeo uwe kura Broward na usiwe kura Palm Beach, huko ni kuwanyima wananchi ulinzi sawa wa sheria. Hapo nakubaliana nao. Majaji 5, wote walioteuliwa na marais wa Republican, wakaongeza kwamba muda wa kurekebisha umekwisha usiku huo huo, kwa hiyo hesabu isiendelee. Hapo wananipoteza. Siku zilizokosekana ni zile zile zilizoliwa na amri yao ya kusimamisha. Majaji wenzao Souter na Breyer walipendekeza Florida ipewe mpaka tarehe 18 Desemba iweke kipimo kimoja na kumaliza. Lilikuwa pendekezo la kawaida kabisa. Na wale watano wakaandika kwamba hoja yao inahusu mazingira ya kesi hiyo tu, kauli ambayo jaji anayejiamini haiandiki. Sandra Day O'Connor, mmoja wao, alisema mwaka 2013 kwamba labda mahakama ingeliacha shauri lile lipite.

Lakini lawama yangu kubwa kwa hukumu hiyo iko kwingine. Kama usawa wa kura ni kanuni ya kikatiba, mbona ulionekana kwenye hesabu ya pili tu? Gadsden na Leon zilikuwa na ukosefu wa usawa mkubwa kuliko wowote uliotokana na jicho la Rosenberg, na ulikuwa ndani ya zile kura milioni 6 za kwanza ambazo mahakama iliziacha zisimame.

Na kuna waliokuwa hawamo kwenye rundo lolote. Baada ya uchaguzi wa meya wa Miami wa 1997 kufutwa kwa udanganyifu wa kura za posta, Bunge la Florida lilipitisha sheria mwaka 1998 ya kusafisha daftari la wapiga kura. Sababu ilikuwa ya kweli. Utekelezaji ulikuwa ovyo. Kampuni binafsi ililinganisha majina ya waliojiandikisha na majina ya wenye hatia za jinai, ambao Florida iliwanyima kura maisha, na maofisa wa jimbo walitaka ulinganishaji uwe mpana, jina likikaribiana litoshe. Watu wasio na kosa lolote wakajikuta wameambatanishwa na wahalifu wa majina yanayofanana na yao, na weusi walikuwa wengi mno kwenye orodha kupita uwiano wao jimboni. Baadhi ya wasimamizi wa kaunti waliiona mbovu wakaiweka kando. Upande wa Republican hujibu kwamba gazeti la Miami Herald lilikuta mamia ya wenye hatia waliopiga kura kinyume cha sheria, wengi wao Democrat. Ni kweli pia. Orodha mbovu hufanya yote mawili: inamfukuza asiye na kosa na kumpitisha mwenye kosa. Ila aliyepiga kura isivyo halali anaweza kufuatiliwa kwa jina na sahihi yake. Aliyerudishwa mlangoni hana karatasi popote ambayo mahakama inaweza kuamuru ihesabiwe. Weusi wa Florida walimpigia Gore zaidi ya 9 kati ya 10. Waliorudishwa wasio na hatia wangehitajika mia chache tu.

Ralph Nader alipata kura 97,488 jimboni na Democrat hawajamsamehe. Wangeweza kuanza na Gore: alishindwa Tennessee, kwao alikozaliwa kisiasa, na hata New Hampshire yenye wajumbe 4 tu ingemtosha bila Florida. Kwa pengo la 537 kila kitu kilichotokea Florida kinaweza kuitwa sababu, kuanzia Nader mpaka hasira za Wakyuba wa Miami juu ya mtoto Elián González kurudishwa Cuba. Ndiyo maana sababu za aina hiyo hazinifundishi kitu. Nader alikuwa na haki ya kugombea, Wakyuba walikuwa na haki ya kukasirika. Kadi ya Duval ndiyo haikuwa na haki ya kuwa vile ilivyokuwa.

Tarehe 6 Januari 2001 Gore, akiwa makamu wa rais, aliongoza kikao cha Bunge cha kuhesabu kura za wajumbe. Wabunge weusi walisimama mmoja mmoja kupinga za Florida. Kila pingamizi lilihitaji sahihi ya seneta mmoja, na hakuna seneta aliyetia, hata wa Democrat. Gore akagonga nyundo dhidi ya watu waliokuwa wakimtetea.

Kwa sheria kama ilivyotumika, basi, Bush alishinda Florida. Kwa sheria kama ilivyoandikwa, ingetumika sawa kila kaunti, ushahidi wa 2001 unamwelekea Gore kwa kura chache kiasi kwamba sithubutu kuapa. Kwa watu waliotoka majumbani mwao, ilikuwa ya Gore kwa maelfu.

Florida ilipiga marufuku kadi za kutoboa mwaka 2001, na mwaka 2002 Bunge la Marekani likatenga karibu dola bilioni 4 kwa majimbo kununua mashine mpya. Kaunti kadhaa kubwa za Florida zikanunua skrini za kugusa zisizo na karatasi. Mwaka 2006, kwenye jimbo la ubunge lililoachwa wazi na Katherine Harris mwenyewe, kaunti ya Sarasota ilikuta wapiga kura kama 18,000 hawana kura ya ubunge kwenye mashine, na mshindi alipita kwa kura 369. Safari hii hapakuwa na kadi ya kuinyanyulia jicho wala kitu cha kubishania. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kurudi kwenye karatasi ya kalamu inayosomwa kituoni, mpiga kura akiwa bado amesimama pale: mtambo ambao Leon ilikuwa nao tangu mwanzo.